Mzaramo wa Mbuke

"Usinitolee macho mimi, Mageni! Mbuzi mlimla, supu mkanywa, mifupa mkawatupia mbwa. Leo unauliza kwa nini jeneza halitoki?"

"Mama, nakuheshimu. Mimi nimekuja kuzika kama jirani mwingine yeyote."

"Jirani! Jirani wa kutusalimia kwa honi!"

"Iliyoamua ni nzengo, majirani wote, si mimi. Kawaulize wazee wa nzengo."

"Nzengo ilikula nyama tu. Aliyepeleka mashtaka ni nani? Huyu jogoo?"

Watu wakaguna, wengine wakainamisha nyuso wasionekane wanacheka. Msiba ni msiba, lakini Bi Sesilia akishafunga kanga kifuani na kusimama katikati ya ua, hata mfiwa husogeza kigoda apate kuona vizuri. Mageni, mwenye maduara mawili, mashimo ya kuchimbia dhahabu, na karasha la kusagia mawe huko Segese, alisimama mbele yake na viatu vyake vyeupe kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Mtu anayefokea wachimbaji sitini kila asubuhi, leo kafungwa ulimi na ajuza wa miaka sabini na ushee asiye na jino la mbele.

Ilikuwa saa saba mchana, na jua la Kishapu lilikuwa halina mzaha. Ndani ya nyumba Mzee Adam alikwisha kuoshwa na kuvishwa sanda, amelazwa kwenye jeneza lililoletwa kwa pikapu kutoka msikitini Mhunze. Kaburi lilikuwa tayari. Charles, mtoto wa Bibi Mbuke, alikwisha kurudi na udongo kwenye magoti. Shehe alikuwa tayari. Kilichokosekana ni njia. Mlangoni alikuwa ameketi Bibi Mbuke mwenyewe, mjane, rozari shingoni, miguu yake iliyovimba ameinyoosha kutoka mwimo mmoja wa mlango hadi wa pili.

"Adamu wangu hatoki humu kimya kimya kama mwizi wa kuku," alikuwa amesema tangu saa nne asubuhi. "Ninyi nyote ni watani wake. Mtanieni, ndipo mumchukue. Na aliyemfunga mdomo ndiye aanze."

Na hilo la mwisho ndilo lililowasha moto, maana kila aliyelisikia alimgeukia Mageni.

Asteria peke yake hakumgeukia. Alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, ungo wa mchele mapajani, amewasili asubuhi hiyo kutoka Segese na vumbi la barabara bado kwenye nyusi. Kutoka pale alipoketi aliuona mlango wa mbele kupitia mlango wa nyuma, na alimwona bibi yake aliposema yale maneno. Bibi hakumtazama Mageni. Alikuwa ameigeuza shingo yake taratibu, akatazama jikoni.

*

Mzaramo na Msukuma ni watani. Hilo halihitaji kufundishwa shuleni. Msukuma akifa, Mzaramo aliyepo jirani ana haki ya kuja kumcheka, kumwigiza anavyotembea na anavyokoroma, kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Na Mzaramo akifa, Wasukuma nao humlipizia. Ni heshima ya mwisho. Mtu ambaye hakuna anayemtania siku ya kufa kwake, ni kana kwamba hakuna aliyekuwa akimjua.

Sasa pale kijijini, katika watu wote wale wa pamba na dengu na ng'ombe, Mzaramo alikuwa mmoja tu. Alizaliwa Kisarawe, akaja Mwadui kijana kuendesha basi la wafanyakazi wa mgodi wa almasi, akazeekea kwenye usukani. Alipostaafu hakurudi pwani. Alikuwa amemwona Mbuke, mjane wa watoto watatu, akiuza dengu kwenye mnada wa Mhunze. Alinunua kilo moja. Mnada uliofuata akanunua kilo mbili. Akaendelea hivyo miezi mitano, mpaka mwenye nyumba aliyempangisha chumba akaenda kumlalamikia Mbuke mwenyewe: "Mama, muonee huruma yule mzee. Chumba kimejaa dengu, analala amekaa, na hata sufuria hana."

Wakafunga ndoa bomani, kila mtu na dini yake. Na tangu hapo, kila Jumapili kwa miaka ishirini na miwili, Mzee Adam alimpakia mkewe kwenye baiskeli iliyofungwa mto wa sufi nyuma, akampeleka kanisani, akamsubiri nje akipiga soga na mwuza karanga, akamrudisha. Miguu ya Mbuke ilipoanza kuvimba, ni yeye aliyechota maji, madumu manne kwenye baiskeli, kisimani katikati ya wanawake. Wanaume walimcheka. Aliwajibu, "Chekeni tu. Ninyi mna wake, mimi nina Mbuke." Jioni alimkata kucha za miguu pale pale mlangoni, mbele ya wapita njia, huku akilalamika kwa sauti kwamba kampuni ya Mwadui ilimfundisha basi tu, hizi kucha zinataka mtu wa leseni ya greda.

Asteria alikuwa na miaka saba Mzee Adam alipoingia nyumbani mle. Mama yake alikwisha fariki, na alikuwa akilala na bibi yake kitanda kimoja. Usiku wa kwanza wa ndoa akahamishiwa kwenye mkeka, chumba cha pili. Mzee alijaribu kila njia. Alimletea sambusa. Alimwita mke wake mdogo, kama babu wote wanavyowaita wajukuu, akamtishia kumpa talaka asipomaliza uji. Mjukuu hutakiwa amrudishie: amwambie babu kwamba ni mzee, hana meno, ataolewa na kijana mwenye pikipiki. Asteria hakurudisha hata mara moja. Hakumwita guku, yaani babu kwa Kisukuma. Alimwita Mzee Adam, alipokuwa mtoto, alipokuwa msichana, na alipokuwa mtu mzima mwenye banda la chakula Segese, mama lishe wa kutegemewa, mpishi wa wafanyakazi wote wa Mageni.

*

"Dada Asteria."

Mageni alikuwa amekimbia ulimi wa Bi Sesilia akazunguka nyumba. Alichuchumaa karibu na mafiga, akajifuta shingo kwa leso.

"Shikamoo hatupeani, sisi ni wa rika moja," alisema, akijaribu kutabasamu. "Ongea na Bibi. Watu wanateseka na jua. Wewe ndiye mwenye busara katika nyumba hii. Siku ile uliongea vizuri sana."

Ungo ukamtikisika Asteria mapajani, mchele ukamwagika.

"Siku ipi?"

"Ile ya kwenye nzengo. Mimi nilikuwa na hasira, nakiri, nilitaka mambo makubwa. Wewe ukaja ukayamaliza kwa maneno matano. Ndiyo maana hata kazi ya kupika nilisema apewe huyu, huyu anajua kuishi na watu."

Alisema kwa wema. Hilo ndilo lililouma. Asteria aliokota punje za mchele moja moja kutoka kwenye vumbi, ingawa zilikwisha haribika, apate mahali pa kuweka macho yake.

Siku ile ilikuwa miaka miwili iliyopita. Mama yake Mageni alikuwa amefariki, bibi mwenye vituko ambaye alitaniana na Mzee Adam mpaka majirani wakaja na vigoda. Mageni alileta wageni kutoka Geita, wanunuzi wa dhahabu, mchungaji mwenye kipaza sauti chake, kijana wa kupiga video. Katikati ya mahubiri akatokea Mzee Adam. Amevaa kanga mbili, ameshika fimbo ya marehemu, na kiko chake mdomoni. Akajikongoja mpaka mbele, kiuno kimepinda vile vile alivyopinda bibi yule, akaanza kwa sauti yake ile ya puani: "Mnalia nini? Hamkuiona nyumba niliyojengewa na mwanangu? Vigae mpaka chooni! Nikienda kukojoa nateleza nafika sebuleni!"

Watu walicheka wakashikana mabega. Hata mchungaji alijifunika na Biblia. Mzee angeishia hapo, labda pasingekuwa na neno. Lakini kicheko humlevya mchekeshaji. Akageuka kumtazama Mageni, bado kwa sauti ya marehemu, akasema: "Nyumba umenijengea, baba. Kuja kulala humo siku moja tu, ndiyo kulikushinda."

Hakuna aliyecheka hilo. Wanawake waliinamisha vichwa kwa sababu lilikuwa kweli.

Mageni alikwenda nzengo, ambayo ndiyo serikali ya majirani, na faini yake huliwa na majirani hao hao. Asiyelipa hutengwa: hapewi moto, hasaidiwi kulima, akifiwa hazikiwi. Wazee wenye kujua utani walipinga kidogo, lakini Mageni ndiye aliyechimbia kijiji kisima kirefu, na vijana wengi walikuwa wakifanya kazi kwenye karasha lake. Ikaamuliwa mbuzi mmoja. Mzee Adam akagoma. "Utani una faini?" aliuliza, akicheka kweli kweli, akidhani na hilo ni sehemu ya utani. "Basi na mimi nimtoze aliyekufa, alinitania miaka ishirini!"

Asteria alipigiwa simu na Charles. Wiki hiyo hiyo ndiyo Mageni aliyokuwa akitafuta mpishi. Alipanda gari asubuhi, akanunua mbuzi mnadani, akaingia naye kwenye kikao akimvuta kwa kamba, na mbele ya watu wote akasema maneno ambayo tangu jana, tangu aliposikia kwamba Mzee ameanguka kisimani na madumu yake, yalikuwa yakimzunguka kichwani kama nzi kwenye chupa:

"Msameheni wazee wangu. Si mtu wa hapa. Hajui mila zetu. Na wala si babu yetu wa damu. Hatarudia." Kisha akamgeukia. "Mzee Adam, waambie hutarudia."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Akavua kofia yake ya zamani ya udereva. Akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Sitarudia," alisema.

Bibi Mbuke aliinuka akatoka kwenye kikao bila kuaga.

*

Na kweli hakurudia. Hapo ndipo ubaya ulipo. Watu hudhani mzee mcheshi akikatazwa atanyamaza wiki moja kisha atajisahau. Mzee Adam hakujisahau. Kwenye misiba alikaa nyuma na wanaume, kofia gotini. Wakimchokoza, "Mzaramo, vipi leo?" alijibu, "Nimestaafu." Kisimani aliacha kuwatania wanawake, alichota maji akaondoka, na Bi Sesilia alirudi nyumbani siku ya kwanza akalia, akidai ni moshi.

Asteria aliyajua mabadiliko hayo kwa njia moja tu, simu ya Jumapili. Alikuwa akipiga kila Jumapili baada ya misa. Zamani Mzee ndiye aliyepokea, na hakuwahi kusema halo kama watu. Baada ya nzengo alipokea akasema, "Subiri nikupe Bibi yako." Basi. Asteria aliona nafuu. Alimwambia hata jirani yake wa banda, mwuza chipsi: "Yule mzee wa bibi yangu siku hizi ametulia. Afadhali." Maneno hayo aliyasema kwa mdomo wake, huku akikatakata nyanya.

Sasa pale nje Mzee Januari, mwenyekiti wa nzengo, aliamua kuokoa jahazi. Alisimama, akakohoa, akaweka mikono nyuma.

"Ninyi Wazaramo," alianza, "ninyi mnapenda sana ngoma." Akafikiri. "Na nazi pia mnapenda."

Mbuzi akalia mahali fulani nyuma ya uzio wa minyaa.

"Januari," alisema Bibi Mbuke kutoka mlangoni, "hiyo ni hotuba ya mgombea. Kaa chini baba, utaanguka."

Shehe alitazama saa yake. Alikuwa mtu mpole, Mnyamwezi wa Nzega, na watani aliwajua tangu utotoni, ila kazi ilikuwa kazi. "Mama, saa tisa na nusu tunamswalia. Maiti huharakishwa. Na vituko hivi, kwa kweli, kwenye dini havimo."

"Shehe, simcheleweshi mimi. Wanaomchelewesha wanajijua."

"Mama," Charles alimsihi, "hata wakitania sasa, yeye hasikii."

"Hasikii, ndiyo. Miaka miwili alikuwa anasikia na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi ninayesikia bado nipo."

Mageni, pale jikoni, alikuwa akisubiri jibu. Asteria alimtazama viatu. Alijua vizuri sana kitakachotokea akisimama mbele ya watu hawa na kufanya kile kilichotozwa faini, mbele ya huyu huyu aliyekitozea. Wafanyakazi sitini ni sahani sitini. Wapishi wanaoitaka kazi ile Segese walikuwa wamejaa kama kumbikumbi.

"Nenda kakae na wanaume, kaka Mageni," alisema. "Anayesemwa na Bibi si wewe."

*

Aliingia kwa mlango wa nyuma. Chumba cha Bibi kilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua na sabuni ya magadi. Kofia ilikuwa kwenye msumari wake. Aliichukua, akaigeuza, akaona ndani alama ya jasho la miaka mingi, na hapo hofu ya kweli ikamshika: hakuwa na la kusema. Kijiji kizima kilikuwa na hadithi za Mzee Adam. Mwuza karanga wa kanisani alikuwa nazo, wanawake wa kisima walikuwa nazo. Yeye, aliyekula sahani moja na mtu huyo miaka kumi na miwili, alikuwa akiinuka kila yule mzee alipoanza kusimulia. Katika utani wake wote, kichwani alikuwa amebeba kipande kimoja tu, cha simu za Jumapili, tena kifupi.

Akavaa kofia. Akafunga kanga kiunoni, akajaza nguo tumboni mpaka likatokeza mbele kama la dereva wa basi. Akalipita jeneza bila kulitazama, akafika mlangoni nyuma ya mgongo wa bibi yake, akaweka simu sikioni.

"Halooo!" alipaza sauti, na sauti ikamtoka nyembamba. Akaanza tena, kwa kifua. "Halooo! Hapa ni ofisi ya mume wa Mbuke! Nani mwenzangu? Kama unadai, mzee amesafiri! Kama unaleta, mlango uko wazi!"

Vichwa vyote vikageuka. Mtoto mmoja akaangua kicheko, akazibwa mdomo, kisha mama yake naye akaangua.

"Unamtaka Mbuke? Mbuke gani? Sisi hapa tuna Mbuke wa aina moja tu, ile ya zamani, imara, vipuri vyake havipatikani tena! Subiri kwenye foleni, mimi mwenyewe nimesubiri miezi mitano nikinunua dengu!"

"Ndiye!" alipiga kelele mwanamke mmoja wa kisimani. "Wallahi ndiye huyo!"

Kicheko kikapita chini ya turubai, na mabega ya Bibi Mbuke yakaanza kutikisika. Asteria hakujua kama ni kwa kucheka. Aliendelea, akipiga hatua kifua mbele, tumbo la nguo likiteleza. "Unasema nani? Asteria wa Segese? Yule mpishi? Binti, pilipili ulizoweka juzi…"

Akakwama.

Alikwama kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akimkata kila Jumapili. *Naomba Bibi,* alikuwa akisema, kwa haraka, kama mtu anayemsukuma mlevi mlangoni. Pilipili za juzi zilikuwa zimefanya nini, hakuwahi kusikia. Watu walikuwa wakimsubiri wakiwa na nyuso zilizotayarishwa kucheka, na kicheko kikaanza kupoa pale pale kwenye nyuso zao.

"Simu imekata," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, na machozi yakaanza kumtoka chini ya ile kofia kubwa. "Mimi ndiye niliyekata."

Bi Sesilia ndiye aliyemwokoa. Alipiga makofi mawili, akaingia katikati. "Haikukata! Ngoja niwaambie alichokuwa akifanya baada ya hapo, maana huyu hakuwa anamwona. Alikuwa akimpa Mbuke simu, anatoka hapa nje, anapanda juu ya jiwe lile la kufulia, anatangaza kijiji kizima: 'Jamani! Mke wangu mdogo kapiga! Segese wote wamekula, wameshiba, wanajamba! Hakuna aliyekufa!' Kila Jumapili! Sisi tunamwambia shuka wewe mzee utavunjika kiuno, anasema, 'Nivunjike, mpishi ninaye!'"

Sasa kicheko kilikuja chenyewe. Mwuza karanga akasimama na cha kwake. Kijana mmoja wa boda akaigiza namna Mzee alivyomwekea Mbuke ule mto wa sufi, akiupiga-piga, akiunusa, akiukagua kama anakagua tairi. Shehe alikuwa ameuma midomo na kutazama mbinguni.

Jeneza liliinuliwa. Charles na wenzake walipofika nalo kizingitini, mtu alitoka kwenye kundi la wanaume akajilaza chali kwenye vumbi, kati ya mlango na njia, na viatu vyake vyeupe. Alikuwa Mageni.

"Hapiti Mzaramo hapa!" Sauti ilikuwa ikimtetemeka, utani hakuuzoea. "Mbuzi gani yule aliyemtoa! Mifupa mitupu! Nimemla, miaka miwili sasa, amenikaa hapa." Akajigusa koo. "Hashuki. Hapiti mpaka aje amwondoe."

Hakuna aliyejua acheke au anyamaze. Bi Sesilia akachota konzi ya mchanga akamwagia tumboni taratibu, kama mtani anavyofanya, akasema, "Inuka, mpumbavu mkubwa wewe. Umesamehewa na mchanga," na hapo watu wakacheka na kulia kwa pamoja.

Bibi Mbuke akaikunja miguu yake, mmoja, kisha wa pili.

*

Wanaume waliporudi kutoka kaburini jua lilikuwa limelegea. Ugali wa mtama ulikuwa umesongwa kwenye sufuria kubwa, na nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa karanga, yalikuwa yakitokota. Asteria aligawa, alinawisha watu, aliosha sahani akagawa tena. Kofia alikwisha irudisha kwenye msumari. Wanawake walimpita wakimgonga bega: "Umetuchekesha, shoga. Tumbo la nguo lile!" Kila bega lililogongwa lilikuwa zito zaidi.

Bibi Mbuke alikuwa ameketi jikoni sasa, mgongo ukutani. Asteria alichuchumaa mbele yake na bakuli.

"Kula kidogo, Bibi."

"Nitakula."

"Bibi, nilikosea."

"Ulikosea," alisema Bibi Mbuke. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeulizwa kama mvua ilinyesha. "Mimi nilimwambia mara nyingi, Adamu, rudia, yule ni mtoto, hakujua asemalo. Akasema hapana, aliahidi mbele ya watu kwa ajili yako, na wewe unafanya kazi kwa watu wale. Akisema upuuzi kwenye simu na wewe ukaona aibu tena, itakuwaje?" Akaokota ukoko wa ugali kwenye ukingo wa sufuria, akauweka tena. "Jumapili alikuwa akiifuta ile simu kwa shati lake tangu asubuhi. Ikilia ananipa. Kisha anakaa hapo karibu, anajifanya anatengeneza baiskeli, ili asikie sauti yako inavyotoka."

"Hata miaka hii miwili?"

"Hata juzi."

Asteria alitaka aambiwe neno moja zaidi, lolote, la kumpiga au la kumshika. Alisubiri. Lakini Bibi Mbuke alikuwa amekwisha kunyoosha shingo, akitazama nje kupitia uwazi wa minyaa. Barabarani, kando ya gari lake, Mageni alikuwa amesimama peke yake, mchanga bado mgongoni kwenye shati la bei mbaya, anachezea ufunguo. Wenzake wote walikwisha kaa kwenye sinia.

"Ng'wanawane, mwanangu, nani yule amesimama pale kama mkusanya ushuru?"

"Ni Mageni, Bibi."

"Amekula?"

"Hajala."

"Na wewe umekaa hapa unafanya nini? Mpelekee maji anawe."

Asteria alichukua birika na beseni. Alivuka ua katikati ya watu waliokuwa wakisimuliana vituko vya Mzee Adam midomo imejaa, vituko ambavyo yeye alikuwa akivisikia kwa mara ya kwanza, na hakuweza kusimama avisikie mpaka mwisho. Alipita minyaa. Mageni alimwona akija akajitengeneza ukosi, kama anayetaka kuaga.

"Nawa mikono, kaka Mageni," alimwambia, akainamisha birika. "Bibi anasema uingie ndani ule."